Kusawazisha Mihimili Kabla ya Kusoma Grafu Iliyoskaniwa

Kumbukumbu nyingi za maji ninazohitaji katika kazi yangu ya haidrolojia zimo katika ripoti za zamani ambazo majedwali yake hayapatikani tena, na kilichobaki ni grafu zilizochapishwa kwenye karatasi. Hivi karibuni nilishughulikia ukurasa mmoja wa namna hiyo, unaoonyesha usawa wa maji ya Ziwa Victoria kwenye kipimo cha Jinja. Programu kama WebPlotDigitizer au Engauge Digitizer huweza kuufuata mstari wa grafu na kutoa mamia ya namba kwa dakika chache, lakini ubora wa namba hizo zote huamuliwa na hatua ambayo wengi huipitia kwa haraka, yaani kusawazisha mihimili (mistari miwili yenye vipimo vya grafu).

Kusawazisha ni kuieleza programu kwamba nukta fulani ya picha ni thamani fulani ya grafu. WebPlotDigitizer huomba nukta nne, mbili za mhimili mlalo na mbili za mhimili wima. Engauge hutosheka na tatu. Kwa nukta hizo programu hukokotoa uhusiano kati ya pikseli (vinukta vinavyounda picha) na vipimo halisi, kisha huutumia kwa kila nukta ya mstari. Kosa la mkono wakati wa kufuata mstari huweza kupanda hapa na kushuka pale, hata wastani ukalipunguza, ilhali kosa la kusawazisha huingia katika kila namba kwa mwelekeo uleule na hakuna wastani utakaoliondoa.

Ndiyo maana nukta za kusawazishia zinapaswa kukaa mbali moja na nyingine kadiri mhimili unavyoruhusu. Mhimili wima wa grafu yangu ulianzia mita 10 hadi 14 na ulichukua pikseli 800, yaani pikseli 200 kwa kila mita. Iwapo nitachagua alama za 10 na 10.5, kisha nikakosea alama ya juu kwa pikseli mbili tu, usawa wa mita 13.5 utasomeka 13.43. Kosa hilohilo la pikseli mbili, likifanyika kwenye alama ya 14, huleta tofauti isiyofika sentimita moja. Mimi hukuza picha mpaka unene wa alama uonekane, kisha huweka nukta katikati ya unene huo.

Jambo la pili ni mwinamo. Karatasi ikilazwa kwenye skana kwa mwinamo wa digrii moja, mstari ulio mlalo kabisa utapanda au kushuka pikseli 21 katika upana wa pikseli 1,200, ambazo katika grafu yangu ni zaidi ya sentimita 10. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, kwa hiyo sentimita 10 ni karibu kilomita 7 za ujazo wa maji ambayo hayakuwahi kuwapo, na mtafiti atakayeuona mwelekeo huo anaweza kuutafutia sababu katika mvua. Programu hurekebisha mwinamo ikiwa nukta zimewekwa juu ya mihimili yenyewe, lakini WebPlotDigitizer ina kisanduku cha kuruka marekebisho hayo, na kwa picha ya skana kisanduku hicho kisiwekewe tiki. Ukurasa uliopinda karibu na mshono wa kitabu hauponi kwa njia hii. Ni lazima uskaniwe upya ukiwa umelala bapa.

Grafu za kina na mtiririko wa mto mara nyingi huwa na mihimili ya logi, ambayo kila hatua iliyo sawa huzidisha thamani badala ya kuiongeza, na ambako katikati ya 10 na 100 ni takriban 31.6, wala si 55. Programu isipoambiwa hivyo, itatoa namba zinazoonekana za kawaida lakini zote ni potofu, isipokuwa zile za kwenye alama zilizosawazishiwa.

Mhimili wa muda ndio ulionishinda mwanzoni. Katika ripoti nyingi za zamani mwaka huandikwa katikati ya nafasi yake, nami niliweka nukta chini ya maandishi nikaziita mwanzo wa mwaka. Mihimili ilionekana kukaa vizuri, na kosa lisingegundulika kama nisingelinganisha matokeo na tukio linalojulikana: mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 1961, zilizoliinua ziwa kwa zaidi ya mita 2 hadi kilele cha Mei 1964. Katika namba zangu maji yalianza kupanda mwezi wa Aprili 1961 na kilele kiliangukia Novemba 1963. Nilifuta usawazishaji wote, nikaweka nukta kwenye alama zinazotenganisha miaka, na mstari ukaanza kupanda Oktoba.