Maziwa yanakusumbua tumbo, jirani anakunywa hana habari, kwa nini?

Swali: Nakaa Moshi, nikinywa glasi ya maziwa freshi tumbo linajaa gesi linaunguruma baadae naharisha, ila jirani yangu Mmasai anapiga kikombe kizima asubuhi anaenda zake kazini. Naumwa nini?

Jibu: Inawezekana huumwi kabisa. Maziwa yana sukari yake inaitwa laktosi, na mwili hauwezi kuitumia mpaka ikatwe na kimeng'enya kinaitwa laktezi kwenye utumbo mwembamba. Karibu watoto wote wanazaliwa nacho cha kutosha, ila kwa watu wengi duniani kinapungua wakikua. Kikipungua ile sukari inashuka mpaka utumbo mpana, bakteria wanaichachua, ndo hiyo gesi, halafu inavuta maji ndo unaharisha.

Swali: Kwa hiyo ni kabila?

Jibu: Ni jeni ulizorithi. Mwaka 2007 mtafiti wa jeni Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta mabadiliko matatu ya jeni yanayofanya laktezi iendelee ukubwani, na yote ni tofauti na lile la Wazungu! Yani wafugaji wa huku waliupata uwezo huu kivyao, ndani ya miaka elfu chache tu, na inadhaniwa ni kwa sababu aliyeweza kunywa maziwa kipindi cha ukame alipata chakula na maji kwa pamoja, akapona, akazaa. Lakini jamani tuelewane, Mmasai anayesumbuliwa na maziwa yupo na Mchaga asiyesumbuliwa yupo, watu tumeoana miaka na miaka, usimpime mtu kwa jina la ukoo.

Swali: Sasa niache maziwa?

Jibu: Hapana. Jaribu mgando, bakteria wameshakula sehemu ya ile laktosi, ndo maana wengi wanakula loshoro (mahindi yaliyochanganywa na mgando) vizuri tu wakati freshi yanawashinda. Au kunywa kidogo kidogo pamoja na chakula. Mtoto mchanga usimwachishe ziwa la mama kwa sababu hii. Ila ukiona damu kwenye choo au unapungua uzito, nenda hospitali, hiyo siyo laktosi.

Swali: Na ule ugonjwa wa damu wa kurithi, sikoseli, ni kweli sisi wa mlimani hatuupati?

Jibu: Hii inanitia wasiwasi sana. Aliyerithi jeni moja tu ya sikoseli anapata kinga dhidi ya malaria kali, mtafiti Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954, kwa hiyo jeni hiyo ilienea sana kwenye maeneo yenye malaria nyingi, na milimani kwenye baridi na mbu wachache ikawa adimu. Adimu, siyo kwamba haipo. Mzee wako katoka Marangu, mama katoka Tanga, we utajuaje umebeba nini? Wewe na mwenzako mkiwa wote wawili mmebeba, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mwenye ugonjwa, na wabebaji wenyewe kwa kawaida hawana dalili yoyote, kwa hiyo pimeni damu wote wawili kabla hamjaanza kuzaa.