Giza la Kinyonga: Dhana Potofu Kuhusu Taa za Mchana na Usiku

Unguja na Pemba, kinyonga, ambaye baadhi ya watu wanamjua kwa jina la lumbwi, ni mnyama anayekimbiwa kuliko anayefugwa. Hata hivyo wapo wanaomweka tunduni, na makosa yao mengi kuhusu mwanga yana asili moja: wanamtunza kama kifaranga. Mfugaji wa kuku huwasha globu usiku kucha ili vifaranga wapate joto na kuku wa nyama waendelee kula. Desturi hiyo, ambayo bandani ina maana yake, ikihamishiwa kwa kinyonga humdhuru.

Dhana iliyoenea zaidi ndiyo hiyo hiyo, kwamba taa isipowaka usiku kinyonga ataumwa na baridi. Ukweli ni kwamba yeye ni mnyama wa mchana kikamilifu, anayehitaji mwanga kwa kiasi cha saa 12 na giza totoro kwa saa 12 nyingine, na mwili wake umezoea joto kupungua jua linapotua. Kushuka huko kwa joto ni sehemu ya mapumziko yake. Isitoshe, visiwani kwetu ni nadra joto la usiku kushuka chini ya nyuzi 20, hata wakati wa kipupwe, kwa hiyo hoja ya baridi haina mashiko.

Wanaokubali kwamba taa nyeupe inasumbua hukimbilia globu nyekundu, wakiamini kinyonga haoni rangi hiyo. Anaiona. Macho yake hutambua rangi nyingi, na hata mwanga wa urujuanimno tusiouona sisi hauko nje ya uwezo wake. Globu nyekundu saa 5 usiku, kwake, ni taa iliyowashwa tu.

Usingizi wake unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndio unaomwambia mfugaji kama ratiba ya mwanga iko sawa. Kinyonga aliyelala vizuri hufumba macho, hukunja mkia na ngozi yake hupauka. Mpauko huo ndio unaowawezesha watafiti kumwona kwa urahisi vichakani usiku kwa kumulika tochi, ilhali mchana wangeweza kupita chini ya tawi lake wasimtambue. Akikutwa saa 4 usiku yu macho, ngozi imekoza, tafuta mwanga unatoka wapi: runinga, taa ya barazani, simu ya mtoto. Kinyume chake, kinyonga anayefumba macho adhuhuri si mvivu bali huenda ni mgonjwa, na apelekwe kwa daktari wa mifugo. Mwezi wa Ramadhani una mtihani wake, maana taa za ukumbini huwaka hadi baada ya daku. Mwezi huo tundu lihamishiwe chumba kisichotumika usiku, au lifunikwe kwa kitambaa kizito kinachoacha hewa ipite.

Dhana nyingine ni kwamba tundu likiwekwa karibu na dirisha lililofungwa, kinyonga amepata jua. Amepata mwangaza, lakini kioo huzuia karibu miale yote ya urujuanimno aina ya B, ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D3. Bila vitamini hiyo kalsiamu ya chakula haifyonzwi ipasavyo, na mifupa hulainika, miguu ikapinda na taya likalegea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu kinyonga wa Madagaska ulionyesha kwamba mnyama huyu hurekebisha mwenyewe muda wake wa kukaa kwenye miale hiyo kulingana na vitamini D3 aliyoipata katika chakula. Apewe basi jua pamoja na kivuli, achague mwenyewe. Tundu la kioo juani ni hatari, kwani joto hujikusanya ndani kwa dakika chache tu.

Anayetumia taa maalumu ya miale hiyo asidanganyike kwamba maadamu inawaka inafanya kazi. Miale ya B hufifia kabla ya mwanga unaoonekana, na taa nyingi za aina hiyo hubadilishwa baada ya miezi 6 hadi 12. Wavu wa macho madogo juu ya tundu nao huipunguza. Taa za kawaida za LED za nyumbani hazitoi miale hiyo.

Wapo pia wanaofuata maelekezo ya Ulaya ya kurefusha mchana wa taa hadi saa 14 wakati wa kiangazi chao. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na baina ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka hakuna hata tofauti ya saa nzima. Kinyonga wa vichakani mwetu amezoea jua hilo hilo. Kuwasha saa 12 na nusu asubuhi na kuzima panapoadhiniwa Magharibi kunatosha.

Umeme ukikatika usiku hakuna haja ya kufanya lolote. Ukikatika mchana, tundu la wavu litolewe nje, nusu juani nusu kivulini, na mtu akae karibu kwa sababu ya kunguru.