Je, wajua kwa nini tone moja hugeuza rangi ya flaski nzima?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amesimama mbele ya bureti, mrija wa kioo wenye mistari ya vipimo na koki chini, mkono wa kushoto kwenye koki, wa kulia unazungusha flaski ya koni. Ndani ya flaski mna mililita 25 za asidi ya haidrokloriki na matone mawili ya fenolfthaleini, kiashiria, yaani kemikali inayobadili rangi asidi inapoisha. Kutoka juu inashuka kostiki, ileile wanayoipikia sabuni, ila hapa imezimuliwa sana. Anaachia mililita 10: hakuna kitu. Anaachia 10 nyingine: hakuna kitu. Anafika 24.95 na bado anaona maji matupu. Yanadondoka matone mawili, na flaski nzima inageuka waridi.

Mbona rangi haikuja polepole, kama chai inavyokolea kwenye maji?

Jibu limo katika namna pH, kipimo cha ukali wa asidi, inavyohesabu. Kipimo hiki kilianzishwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, akiwa katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Chenyewe huhesabu kwa mara kumi: pH ikipanda kwa 1, ioni za haidrojeni, chembe zinazoifanya asidi iwe asidi, zimebaki sehemu moja ya kumi ya zilivyokuwa.

Tuipigie hesabu flaski yetu. Asidi na kostiki zote zina moli 0.1 kwa lita (moli ni kizio cha kuhesabia chembe), kwa hiyo mililita 25 za hii humalizwa na 25 za ile. Mwanzo pH ni 1. Ukishaachia mililita 22.5 umekwisha kuondoa asilimia 90 ya asidi, na pH imefika 2.3 tu. Yaani karibu kazi yote imefanyika, na kipimo kimesogea hatua moja na ushei! Ukifika 24.95, pH ni 4. Asidi iliyosalia sasa ni kidogo mno, tone moja la mililita 0.05 linatosha kuimaliza. Tone linalofuata halikuti asidi ya kupambana nayo, na pH inapaa hadi 10. Kutoka 4 hadi 10 ni hatua sita, maana yake ioni za haidrojeni zimepungua mara milioni moja kwa matone mawili.

Fenolfthaleini, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza na Adolf von Baeyer mwaka 1871, haina rangi mpaka pH ipite 8 hivi. Hapo molekuli yake hupokonywa haidrojeni, umbo lake hubadilika, ikaanza kufyonza mwanga wa kijani. Unaobaki kuingia machoni mwetu ndio huo waridi. Kwa kuwa pH imeruka eneo hilo lote kwa mkupuo, rangi nayo huja kwa mkupuo.

Ndiyo maana siwaachi wanafunzi wakariri tu jina la kiashiria. Weka siki mahali pa asidi ya haidrokloriki, kisha tumia methili oranji, kiashiria kingine, ambacho hugeuka kati ya pH 3.1 na 4.4. Siki ni asidi dhaifu; pH yake huanzia karibu 3 na kupanda taratibu. Methili oranji itabadilika kidogo kidogo na kumaliza kuwa njano wakati hata theluthi ya siki haijaisha. Mwanafunzi atakuwa amesoma bureti sawasawa, macho usawa wa mstari, karatasi nyeupe chini ya flaski, na jibu lake la kiasi cha asidi litakuwa mbali kabisa na ukweli. Fenolfthaleini ingemfaa, kwa sababu siki na kostiki hufikiana karibu na pH 8.7.

Jambo jingine linalowashtua wengi: ukiiacha flaski mezani, waridi ule mwepesi hufifia, kisha hupotea. Hujakosea. Kabonidayoksaidi ya hewani imeingia majini, ikatengeneza asidi kidogo, na pH ikashuka tena chini ya 8. Waridi ukidumu nusu dakika huku unazungusha flaski, funga koki, usiongeze tone, soma bureti na uandike palepale.