Akili mnemba kwa kampuni ndogo ya utalii: anzia kwenye barua pepe za wageni

Kampuni nyingi ninazozishauri hapa Moshi na Arusha ni ndogo: mwenye kampuni, mtu mmoja wa ofisini, gari moja au mawili, na waongozaji wanaoitwa safari inapopatikana. Siku hizi wote wananiuliza akili mnemba itawaleteaje wageni. Wengi hutegemea nizungumzie matangazo na picha za mitandaoni. Mimi nawaomba kwanza wanionyeshe barua pepe ambazo hazijajibiwa.

Fikiria mtu wa California aliyetoka kazini, jioni yake ameketi kutafuta safari ya Kilimanjaro. Kwetu ni alfajiri. Anaandikia kampuni kadhaa kwa mpigo, na mara nyingi huendelea na ile iliyomjibu mapema na kugusa alichouliza. Kampuni kubwa ina watu wa kazi hiyo. Mwenye kampuni ndogo huenda siku hiyo yuko lango la Londorosi anakabidhi kundi, na barua anaifungua usiku akiwa hoi. Anajibu mistari miwili na kuambatisha ratiba ileile anayomtumia kila mtu. Mgeni ameuliza kuhusu baba yake wa miaka 68 mwenye goti bovu, na juu ya goti hakuna neno.

Hapo ndipo akili mnemba inapofaa kweli: kuandaa rasimu ya jibu, ambayo mtu anaisoma, anairekebisha na kuituma. Nasisitiza rasimu, na sababu iko kwenye namna programu hizi zinavyofanya kazi. ChatGPT na wenzake hutunga sentensi kwa kukisia neno linaloelekea kufuata, kutokana na maandishi mengi mno waliyofunzwa. Ndiyo maana Kiingereza chake kinateleza hata pale habari yenyewe si ya kweli. Kwenye Kilimanjaro, Marangu ndiyo njia ambayo wageni hulala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo. Machame, Lemosho na nyinginezo ni za mahema. Ukiiuliza programu bila kuipa maelezo yako, inaweza kumwahidi mgeni wa Marangu hema zuri lenye mandhari ya Barranco, kambi ambayo njia ya Marangu haiifikii. Au imwambie anayekuja Februari kwamba atawaona nyumbu wakivuka mto Mara, wakati mwezi huo makundi huwa kusini, maeneo ya Ndutu, yakizaa.

Na ahadi hiyo itakuwa yako. Februari 2024 baraza moja la usuluhishi huko British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe fidia abiria aliyepewa maelezo yasiyo sahihi ya nauli na roboti ya mazungumzo kwenye tovuti yake. Shirika lilijitetea kwamba roboti hiyo inawajibika kwa matendo yake yenyewe. Baraza lilikataa.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuipa programu maarifa ya kampuni yako, na maarifa hayo kwa kawaida hayako ofisini, yako vichwani mwa waongozaji. Wao ndio wanaojua ukuta wa Barranco, ule mwamba mkali wa kupanda, unamsumbua nani, maji ya kunywa yanachotwa wapi baada ya kambi ya Karanga, barabara ipi inakwama Aprili mvua za masika zikikolea. Ninachowashauri wenye kampuni ni hiki: kundi likishashuka lango la Mweka na wageni wakapumzika, mwombe mwongozaji akutumie sauti ya WhatsApp, kwa Kiswahili chake, aeleze wageni waliuliza nini, walilalamikia nini, yeye aliwajibu nini. Maneno hayo yaandikwe na kuwekwa kwenye faili moja, pamoja na majibu mazuri mliyowahi kutuma. Mlipeni mwongozaji kwa muda huo, ni kazi.

Kisha faili hilo liambatishwe kila mnapoandaa jibu, na maelekezo yawe wazi: “Jibu barua hii kwa kutumia maelezo haya tu. Kama jibu halimo, usikisie. Niandikie kwamba halimo.” Hata hivyo itakosea mara mojamoja, ndiyo maana mtu lazima asome. Mgeni akiandika kwa Kijerumani au Kifaransa, omba rasimu kwa lugha yake na tafsiri ya Kiswahili chini yake, ili ujue unatuma nini.

Bei msiiachie. Ada za hifadhi, za uokoaji, mishahara ya wapagazi, VAT: hayo yakae kwenye jedwali la Excel lenye kanuni za hesabu mlizozihakiki, na kiasi kiingizwe kwenye barua kwa mkono. Programu inayokisia maneno huweza kukisia na jumla, na tofauti hiyo mtailipa nyinyi langoni.

Jambo jingine ninalolisimamia bila kulegeza ni nakala za pasipoti na fomu za afya. Mgeni anapokuandikia kwamba ana pumu au amewahi kupasuliwa moyo, amekuamini wewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ondoa jina, namba na ugonjwa kabla ya kubandika barua kwenye programu yoyote. Habari ya afya ijibiwe na mtu.

Kabla ya kuanza, andika mambo mawili kwenye daftari: kwa kawaida barua hukaa saa ngapi bila jibu, na katika kila barua kumi ni ngapi zinafikia malipo ya awali. Msimu wa Juni hadi Oktoba ukiisha, hesabu tena. Kama majibu yanatoka haraka na malipo hayajaongezeka, achana na programu kwa muda, kaa na waongozaji wako mpitie upya ratiba na bei.