Kapelani wa eapoti hakusubirii akubatize

Watu wengi wakiona kibao cha chumba cha maombi eapoti wanajua wenyewe, aah, hapo kuna kapelani, yaani mtumishi wa dini wa eapoti, anavizia abiria awahubirie, au eti yupo kuombea ndege isianguke. Jamani, siyo.

Chukua eapoti ya Logan kule Boston, Marekani. Kanisa dogo la Our Lady of the Airways lilifunguliwa 1951, ndo linatajwa kuwa la kwanza kwenye eapoti Marekani, na walengwa wakubwa walikuwa wafanyakazi, maana mtu wa shifti ya Jumapili atasali saa ngapi? Eapoti ya Heathrow, London, nako kuna kanisa la St George's, la 1968, liko chini ya ardhi unashuka ngazi kabisa, na siku hizi makapelani wa pale ni wa dini tofauti, Waislamu na Wayahudi wamo.

Sasa kazi yenyewe muda mwingi ni kutembea na kusikiliza, wafagiaji, wapakia mizigo, watu wa sekyuriti. Halafu kuna yale mazito: mtu yuko geti anapigiwa simu mama kafariki, ndege yake bado masaa sita, analia peke yake katikati ya watu wanaokula chipsi. Kapelani anavuta kiti, analeta maji, anauliza tu, una ndugu wa kumpokea huko? Habari ya Mungu inaingia ukiianzisha wewe. Na kama huna dini yoyote, kiti bado anavuta.