Glezi Haikupasuka kwa Sababu Ulifungua Tanuru Mapema

Kila anayeniletea bakuli la udongo ambalo glezi yake, yaani ule utando wa juu, imetapakaa nyufa nyembamba huja na jibu lake tayari: tanuru lilifunguliwa mapema. Safari ijayo atasubiri siku moja zaidi, bakuli litatoka zima, litasifiwa, na miezi michache baadaye litaanza kuonyesha nyufa zilezile kabatini, mbali kabisa na tanuru. Hapo sijui atamlaumu nani.

Chombo kilichopozwa haraka mno hupasuka chenyewe, udongo na glezi kwa pamoja, na hiyo ni habari nyingine. Nyufa za glezi peke yake hutokana na kutolingana. Glezi ni kioo kilichoyeyukia juu ya udongo. Vyote viwili husinyaa vinapopoa, na glezi ikisinyaa kuliko udongo ulioibeba, huvutwa. Kioo huvumilia sana kubanwa, lakini hakivumilii kuvutwa. Kupoza polepole hakuondoi tofauti hiyo. Zile nyufa za kabatini nazo zina sababu yake: udongo uliochomwa kwenye nyuzi 1000 za Selsiasi bado una vinyweleo, hunyonya unyevu wa hewa na kuvimba kidogo kidogo, hadi glezi iliyokwisha kuvutwa inashindwa.

Linaloniudhi zaidi ni ushauri wa "ongeza silika" (unga wa kwatzi, madini ya mchanga mweupe) unaotolewa bila kusema iongezwe wapi. Ikitiwa kwenye glezi, silika huyeyuka ikawa sehemu ya kioo na kukipunguzia kusinyaa, hasa ikichukua nafasi ya soda na potasi, ambazo ndizo zinazokisinyaza kupita kiasi. Ikitiwa kwenye udongo, sehemu yake kubwa hubaki fuwele za kwatzi, na fuwele hizo hupungua ukubwa ghafla chombo kinapopoa na kupita nyuzi 573, hivyo udongo husinyaa zaidi na kuibana glezi. Unga ni uleule, njia ni mbili zinazopingana, na zote husaidia. Ukizidisha, glezi hubanwa mno ikabanduka ukingoni vipande vikali, jambo baya kuliko nyufa. Zaidi ya hayo, ukiuchoma udongo wenye feldispa (madini yanayosaidia udongo kuyeyuka) hadi nyuzi 1250, baadhi ya kwatzi huyeyuka, na faida uliyoitafuta hupungua. Ndiyo maana siwaelewi wanaodhani moto mkali zaidi ni dawa ya kila kitu. Kaolini, udongo mweupe, ya Pugu karibu na Dar es Salaam hutoka ardhini ikiwa na mchanga wa kwatzi, kwa hiyo hata namna unavyoiosha hubadilisha mapishi ya mchanganyiko wako. (Vaeni barakoa mnapopima unga mkavu wa silika, huharibu mapafu.)

Vitabu hutoa tarakimu ya kusinyaa kwa kila oksidi, yaani kila kijenzi cha kikemikali cha glezi, tuzijumlishe tupate jibu. Kwa glezi mbili zinazofanana hesabu hiyo inanisaidia kulinganisha. Kwa glezi zisizong'aa, ambazo hujenga fuwele ndani yake zinapopoa, siiamini. Na kwa glezi za jivu siiamini hata kidogo, kwa kuwa jivu la mti mmoja hutofautiana na la jirani yake wa aina ileile.

Mimi hutumbukiza kipande cha majaribio kwenye maji yanayochemka, kisha kwenye maji ya barafu, nikarudia mara kadhaa, halafu nikakipaka wino na kukifuta. Wino ukibaki kwenye mistari ya nyufa, narudi kwenye mizani kurekebisha mapishi, wala siugusi mlango wa tanuru.