Waranti ya gari ya miaka 7: soma kilomita kabla ya kusoma miaka

Mabango ya magari mapya siku hizi yanashindana kwa miaka ya waranti, yaani ahadi ya mtengenezaji kurekebisha kasoro za kiwandani kwa gharama yake. Tulizoea miaka 3 au kilomita 100,000. Sasa unakuta 5, unakuta 7, na kwa betri za magari ya umeme unakuta hata 8. Sambamba na mabango hayo, malalamiko ya wenye magari wanaokataliwa kwenye gereji za mawakala wa watengenezaji yamekuwa yakiongezeka mezani petu, na swali la mnunuzi ni lile lile: waranti ndefu ya mtengenezaji ina faida, au ni chambo cha kuuzia gari?

Ina faida kwa mwenye gari anayeweza kutimiza masharti yake mpaka siku ya mwisho. Wengi wanaokuja kwetu na barua ya kukataliwa mkononi hawakuyatimiza, na kusema kweli wengi hawakuwahi kukifungua kile kitabu cha waranti na sevisi kinachokuja na gari.

Tuanze na kilomita. Masharti husema, kwa mfano, miaka 7 au kilomita 150,000, lolote litakalotangulia. Mwalimu wa Nakuru anayeendesha kilomita 12,000 kwa mwaka atafika mwaka wa saba akiwa na 84,000 tu kwenye mita, kwa hiyo miaka yote saba ni yake. Dereva wa teksi ya kuitwa kwa simu jijini Nairobi, anayekwenda kilomita 200 kwa siku, siku 6 kwa wiki, hutimiza kilomita 62,400 kwa mwaka. Waranti yake itakwisha baada ya miezi kama 29, hata kama bango lilisema 7. Na hapo ni iwapo gari la biashara linakubaliwa kabisa, maana mikataba mingi hulitenga au hulipunguzia muda. Ukinunua gari kwa ajili ya kazi, mwambie muuzaji hivyo waziwazi, na jibu lake ulipate kwa maandishi.

Waranti hufunika kasoro ya kiwandani: chuma kibovu, kifaa kilichofungwa vibaya, sili iliyovuja kabla ya wakati wake. Haifuniki kuchakaa. Pedi za breki, klachi, filta na wepa ni juu yako. Tairi huwa na dhamana ya kiwanda chake. Betri ndogo na rangi mara nyingi huwekewa muda wake mfupi zaidi. Tunaomba hili lieleweke, kwa sababu bado tunapokea barua ndefu zenye hasira kuhusu pedi za breki zilizokwisha baada ya kilomita 40,000.

Sevisi ndiyo inayowaangusha wengi. Kitabu hutaja kila baada ya kilomita ngapi au miezi mingapi gari linatakiwa kuhudumiwa, na hutaja pia kama unaruhusiwa kuchelewa na kwa kiasi gani. Ukiruka sevisi moja kisha injini ikaharibika kwa sababu ya oili, huna hoja ya kusimamia. Wananchi hutuletea video za Marekani zinazosema mtengenezaji hawezi kukulazimisha kwenda gereji yake. Kweli, Marekani kuna sheria ya mwaka 1975 inayozuia kufungamanisha waranti na huduma ya kulipia ya kampuni moja, na Ulaya nako kuna kanuni za ushindani zinazoelekea huko huko. Hizo ni sheria za huko. Gari lako limeuzwa Kenya, kwa mkataba wa Kenya, na ukipeleka gari kwa fundi wa mtaani huku mkataba ukitaka gereji iliyoidhinishwa, unajiingiza kwenye mzozo ambao ungeweza kuuepuka. Kama fundi wako ni hodari, na wapo hodari wengi, msubirie mpaka waranti iishe.

Kabla ya kuhesabu miaka, hesabu pia umbali. Mtu wa Lodwar au Garissa ambaye gereji ya wakala iliyo karibu naye iko mamia ya kilomita ajumlishe mafuta, siku za kazi zitakazopotea na gharama ya kuvutwa gari likigoma njiani, kwa kuwa waranti nyingi hazilipii kuvutwa wala mapato yaliyopotea. Huyo anaweza kukuta gari lenye miaka 3, ambalo spea zake zinapatikana mjini kwake, linamfaa kuliko lenye 7.

Kuna jambo linalotuumiza kichwa zaidi kwa sasa, nalo ni traka. Benki inayokukopesha pesa za gari hutaka gari lifungwe kifaa cha kulifuatilia, na kampuni za bima nazo mara nyingi hutaka hivyo hivyo. Fundi anayetumwa hukata nyaya za gari jipya, huunganisha kwa tepu, basi. Miezi minane baadaye taa za dashibodi zinawaka ovyo au gari linazimika, wakala anafungua, anaona tepu, na dai la umeme linakataliwa. Mwenye gari hakufanya hila yoyote. Alitii masharti ya mkopo. Lakini mtengenezaji naye hawezi kubebeshwa kazi ya fundi asiyemjua. Kwa hiyo, kabla ya kukabidhiwa gari, mtake wakala aifunge traka mwenyewe au atoe kibali cha maandishi kinachotaja kampuni itakayoifunga na mahali itakapounganishwa. Nakala moja iende benki, nyingine ibaki kwako. Utaratibu huo huo utumike kwa kengele za wizi, redio mpya na taa za ziada.

Mafuta nayo ni sababu ya kukataliwa inayotajwa mara kwa mara. Uchanganyaji wa mafuta ya taa na dizeli uliwahi kukithiri nchini kiasi cha serikali kuweka tozo maalumu ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili bei yake nafuu isiwavutie wachanganyaji. Wakala akisema injini imeharibiwa na mafuta machafu, usikubali wala kukataa kwa mdomo. Mwombe ripoti iliyoandikwa, na sampuli ya mafuta itolewe mbele yako kabla tangi halijamwagwa. Risiti za kituo unachotumia zitakusaidia sana, kwa hiyo usizitupe. Kuhusu maji ya mafuriko yaliyoingia kwenye injini, hilo ni la bima, na wengi wetu tulijifunza hivyo katika mvua za masika za 2024.

Sasa, mnunuzi wa pili. Waranti ndefu huongeza thamani ya gari siku ya kuliuza, lakini kwa sharti kwamba inahamishika. Hyundai ilipoanza kuuza magari Marekani kwa waranti ya miaka 10 au maili 100,000 ya injini na gia, mwishoni mwa miaka ya 1990, ahadi hiyo ilikuwa ya mnunuzi wa kwanza. Wa pili alibaki na miaka 5 au maili 60,000. Uliza suala hili hata kama huna mpango wa kuuza. Na kwa wale wanaoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo hapa hayaruhusiwi kuzidi umri wa miaka 8: waranti ya mtengenezaji kwa kawaida hufungwa kwenye soko ambalo gari liliuziwa kwanza. Haivuki bahari pamoja na gari. Ile karatasi ya miezi mitatu unayopewa na yadi ni ahadi ya mwenye yadi, na ndiye utakayemdai.

Liko pia suala la sheria, ambalo wauzaji wengine hulipitia haraka. Ibara ya 46 ya Katiba inakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaokubalika, taarifa za kutosha, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, zinaweka wajibu wa ubora kwa anayekuuzia. Haki hizo hazizaliwi na waranti. Gari jipya likivunja gia wiki ya pili, muuzaji hawezi kukwambia tu "andikia kiwanda".

Muuzaji anayedanganya kuhusu kuwepo kwa waranti, mipaka yake, au upatikanaji wa spea na huduma, anavunja Sheria ya Ushindani ya 2010, kifungu cha 55. Adhabu baada ya kutiwa hatiani ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi milioni 10, au vyote viwili. Nasisitiza kwa sababu tunaulizwa kila wiki: faini hiyo haiji kwako. Fidia yako huidai kwa kufungua kesi ya madai.

Na utaratibu ni huu. Ripoti kasoro mara uionapo, wala usiendelee kuendesha taa ya injini ikiwa inawaka, kwani hasara itakayoongezeka utaibeba mwenyewe. Gereji ikupe kadi ya kazi yenye tarehe, kilomita na maelezo ya tatizo kama ulivyoyasema wewe. Isome kabla ya kutia sahihi. Dai likikataliwa, taka sababu kwa maandishi pamoja na kipengele cha mkataba kinachotumika. Omba vifaa vilivyotolewa kwenye gari visitupwe. Mwandikie meneja, mpe siku 14, ambatisha nakala za kitabu cha sevisi, risiti na kadi zote za kazi; asilia usizitoe. Akinyamaza, peleka lalamiko lenye karatasi hizo hizo kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Ukitaka kurudishiwa gharama isiyozidi shilingi milioni 1, nenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Dai likizidi hapo, linakwenda kwa hakimu kwa utaratibu wa kawaida. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa, na barua unazoandikiana na wakala hazisimamishi hesabu hiyo.